Jina Jipya la Shangazi Lamun

Mimi nimebadili jina mara tatu na sioni haya hata chembe. Mara ya kwanza mume aliponikimbia, mara ya pili duka langu la kahawa lilipoungua, mara ya tatu nilipovunjika mkono wiki ileile aliyofeli mwanangu mtihani. Ni jambo rahisi. Unakwenda hekaluni, mtawa anapiga hesabu ya siku uliyozaliwa, anakwambia jina lako ndilo linalokuletea nuksi, anakupa jingine. Unakwenda ofisi ya wilaya, unaandikishwa, unapewa kitambulisho kipya, yamekwisha. Mji mzima tunafanya hivyo. Muuza nyama ya nguruwe pale kona ana jina la nne sasa, na bado nyama yake anaiunguza. Wala hakuna anayechanganyikiwa, maana sisi huku Trang, kama Thailand nzima, tunaitana kwa majina ya nyumbani tu. Mimi ni Jiap. Nilikuwa Jiap nikiwa na siku tatu, na siku nikifa nitachomwa nikiwa Jiap.

Mtaani petu alikuwako mmoja tu aliyetucheka, naye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Shangazi Lamun. Kila nilipotoka wilayani na karatasi yangu, alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Jiap! Leo tunakuitaje? Niambie mapema, nisije nikampakulia mtu mwingine chakula chako."

"Cheka tu, Shangazi."

"Nacheka. Mimi Lamun niliitwa na marehemu babangu, na nuksi yangu ninaijua kwa jina na sura. Imepanga ukuta wa pili, inauza kahawa."

Ana mdomo huyo mama, jamani! Ana miaka sitini na minane, ni mjane, mwanawe yuko Bangkok na hupiga simu mwaka mpya. Kila asubuhi anauza tambi za mchele na mchuzi wa samaki mbele ya nyumba yake, mchuzi mkali unaokutoa machozi na kamasi. Mteja akiomba aongezewe, anamwuliza, "Unataka kula au unataka kuogelea?" Halafu anamwongezea. Watu wanatoka mbali kuja kutukanwa pale.

Chumba chake cha nyuma amempangisha Mwalimu Rowena, Mfilipino wa Iloilo, anayefundisha Kiingereza shule ya msingi ya manispaa. Mwaka huu ni wa sita. Mwalimu ni mpole, mwembamba, mwenye kucheka kwa mkono mdomoni, na alipofika hakuweza kula mchuzi wa Shangazi bila kulia. Sasa anaongeza pilipili mwenyewe.

Wenye nyumba wengi hawapendi kupangisha mgeni, na sababu ni moja: usumbufu wa uhamiaji. Mgeni akifika kwako, wewe mwenye nyumba una saa ishirini na nne za kwenda kutoa taarifa kwamba yupo. Akisafiri nje ya nchi akarudi, unakwenda tena. Na yeye mgeni, kila siku tisini, lazima aripoti kwamba anuani yake ni ileile. Watu wananung'unika. Shangazi Lamun? Loo! Kwake ilikuwa sherehe.

Mwalimu akirudi kutoka kwao Krismasi, hata hajafungua sanduku, Shangazi keshavaa sketi yake ya hariri na rangi ya mdomo, keshatia kitabu cha nyumba, kile cha serikali chenye majina ya wakaao ndani, kwenye mfuko wa plastiki, keshanipigia kelele nimpeleke na pikipiki. Pale dirishani anasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nimekuja kumwandikisha mwalimu wangu. Kalala kwangu jana." Siku moja afisa akamwambia Shangazi, siku hizi unaweza kufanya haya kwa simu. Alimtazama yule kijana kama aliyemtukania mama. "Simu ndiyo itakayoapa kwamba mtu kalala kwangu? Simu imemwona?" Akipewa kile kikaratasi chenye muhuri, anakwenda kumkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili. "Haya. Sasa upo."

Zile siku tisini nazo, yeye ndiye aliyezihesabu. Uhamiaji wanaruhusu uende wiki mbili kabla, na ukichelewa wiki moja wanakuvumilia. Shangazi hataki kuvumiliwa. Siku ya kwanza inayoruhusiwa, kabla jua halijapanda, anagonga mlango wa nyuma kwa upawa. "Mwalimu! Amka ukaseme unakaa wapi!" Mwalimu hakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Mwezi wa tatu mwaka huu, shule zilipofungwa, Mwalimu alipata habari kwamba mama yake amefariki. Aliondoka kesho yake, na akachukua masanduku yake yote mawili, dogo na kubwa. Lile kubwa hakuwahi kulibeba hata mara moja. Kaka zake walikuwa wanampigia kila siku, arudi moja kwa moja, nyumba ya mama haina mtu. Sote tulisikia, kuta zetu ni mbao. Shangazi alimpakia tambi za njiani, akamwambia asikae na njaa, akaingia ndani akafunga mlango. Wiki tatu mchuzi wake haukuwa na ladha.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano Mwalimu akarudi, amekonda, macho yamevimba. Nikatoa pikipiki nje, nikaipangusa, nikasubiri sketi ya hariri itokee. Kimya. Nikaenda kuchungulia.

"Shangazi, twende uhamiaji. Saa zinakwenda."

"Kesho."

Kesho yake akasingizia mguu. Keshokutwa mguu uleule. Siku ya nne aliponiona tu akasema, "Nimekwisha kwenda."

"Umekwenda na nani?"

"Na miguu yangu. Hebu nipishe, mchuzi unamwagika."

Sasa mtu mzima amekwambia amekwenda, utamfanyaje? Mwalimu naye hakuuliza. Miaka mitano na ushei jambo hilo lilikuwa la Shangazi, angeulizaje?

Kibali cha Mwalimu cha kukaa nchini kilikuwa kinakwisha Ijumaa ya wiki ya pili tangu arudi. Jumatano tukaenda kukiongeza, mimi nikimwendesha, yeye na faili lake la nakala. Afisa akabofya, akabofya tena, akakunja uso.

"Mwenye nyumba hajatoa taarifa yako tangu urudi."

"Ametoa," nikadakia. "Lamun, muuza tambi. Mnamjua nyinyi nyote, mnakula kwake!"

"Tunamjua, Dada. Lakini hapa hakuna kitu. Bila taarifa ya nyumba siwezi kuongeza. Aje mwenyewe, na kitambulisho chake na kitabu cha nyumba. Kabla ya Ijumaa jioni."

"Na Ijumaa ikipita?"

Afisa akamtazama Mwalimu kwa huruma. Ikipita, alisema, kibali kimekufa. Itabidi atoke nchini aanze upya kuomba viza kwao, na huko ni miezi. Shule inafunguliwa wiki ijayo na haitamngoja. Mwalimu akasema asante, akapanga karatasi zake vizuri, akazirudisha kwenye faili.

Mimi nilikuwa nimeshapandwa na mori. Niliingia jikoni kwa Shangazi bila kuvua viatu, na kwetu hiyo peke yake ni vita.

"Umesema uongo!"

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Vua viatu."

"Sivui! Umemdanganya huyu mtoto wa watu. Keshokutwa anafukuzwa nchi! Hujatia mguu uhamiaji tangu arudi. Kama umemchoka si useme? Kama umepata mpangaji wa kulipa zaidi, si useme?"

"Jiap, funga domo lako."

"Nitalifunga ukivaa sketi. Panda pikipiki sasa hivi."

"Siwezi kwenda."

"Mguu?"

"Siwezi, nimesema!" Akabamiza upawa juu ya meza, mboga zikaruka.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, viatu kavua, kavipanga sawasawa. Akasema taratibu, kwa Kithai chake kile chenye lafudhi ya kwetu kusini, "Shangazi, kama unakihitaji chumba, niambie tu. Sitakasirika. Nitatafuta pengine."

Ningemtukana Shangazi saa nzima asingetikisika. Neno hilo moja lilimvunja. Alikaa kwenye kigoda, akajipangusa mikono kwenye aproni, akaipangusa tena ilhali ilishakauka. Kisha akaenda chumbani akarudi na kitambulisho, akakitupa mezani mbele yangu.

"Haya, soma. Soma ucheke, ufurahi."

Nikasoma. Picha ni yake, kanuna vilevile. Tarehe ya kuzaliwa ni yake. Jina: Natthanicha.

Natthanicha! Wapo Natthanicha watatu darasani kwa Mwalimu, wote wana mapengo ya meno ya utoto. Nisameheni, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikakaa chini, machozi yakanitoka. Miaka thelathini ananisimanga mimi!

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado, Natthanicha, nipe dakika."

"Ndiyo maana sikusema, mbwa wewe."

Basi akaeleza, huku akiitazama sakafu. Alikwenda kwa mtawa mwezi wa nne, akabadili jina, akapewa kitambulisho kipya na hati ya kubadili jina. Lakini kitabu cha nyumba hakukipeleka kurekebishwa. Kwenye kitabu hicho jina lake liko chini ya jina la marehemu mumewe, lenye muhuri mwekundu wa kufariki, na hakutaka karani aguse ukurasa ule kwa kalamu yake. Kwa hiyo kitambulisho kinasema Natthanicha, kitabu kinasema nyumba ni ya Lamun. Angefika dirishani, wangemwuliza Lamun yuko wapi, na angelazimika kueleza mbele ya foleni nzima, ambayo nusu yake ni wateja wake aliowacheka.

"Na hati iko wapi?" nikauliza. "Hati ingemaliza kila kitu."

"Mtawa alisema niiweke kwenye madhabahu ya nyumbani mpaka jina likolee."

"Ehe?"

"Nikaiweka chini ya chetezo. Vijiti vya ubani vikaanguka." Akaokota jani la mboga sakafuni. "Imebaki kona."

Nilitaka kucheka tena, lakini Mwalimu alikuwa amechuchumaa mbele yake, amemshika mikono. "Shangazi, ulikuwa na nuksi gani? Ulikuwa unaumwa?"

"Mguu," akasema Shangazi. Alisema haraka mno.

Alhamisi asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuza tambi. Alivaa sketi ya hariri na rangi ya mdomo, akapanda nyuma yangu, Mwalimu akapanda nyuma yake, watatu pikipiki moja, na tukaenda wilayani. Karani aliyekuwa zamu ni Ratri, niliyesoma naye, mwanamke mwema lakini hajapata kusoma kitu kimoyomoyo maisha yake yote. Nikamweleza: tunataka nakala ya hati ya kubadili jina, na kitabu cha nyumba kirekebishwe, leo, sasa hivi, tafadhali.

"Hakuna shida." Akatoa faili, akalaza fomu juu ya kaunta ili ahakikishe, akaanza kupitisha kidole. "Jina la zamani, Lamun. Jina jipya, Natthanicha. Hee, Shangazi! Zuri! Umri, sitini na minane. Sababu ya kubadili jina..."

"Hapo ruka," Shangazi akasema.

Mtu yeyote akijaza sehemu hiyo anaandika "kutafuta baraka", nami nimeiandika mara tatu. Ratri hakuruka. Ndio kwanza kidole chake kilikuwa kimefika hapo, na sauti ikafuata.

"Mwalimu wangu kaondoka na masanduku yote mawili. Natafuta jina la kumfanya arudi."

Ratri akaziba mdomo akiwa kamaliza tayari. Nyuma yetu kulikuwa na watu kumi na ushei, na wote walikuwa wamesikia. Shangazi alijifunika uso kwa mfuko wa plastiki wa kitabu cha nyumba. Ule mfuko unaonyesha ndani, tukawa tunamwona vilevile.

Sikujua nitazame wapi. Nilimwonea Shangazi huruma, na nilijionea aibu mimi mwenyewe kwa kile kicheko cha jana.

"Ungenipigia simu," Mwalimu akasema. "Ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Mama yako kafa, ndugu zako wanakuita. Mimi ni nani? Mimi nina chumba cha nyuma." Sauti ilitoka nyuma ya plastiki. Kisha akaushusha mfuko, pua nyekundu, na ule ukali wake ukamrudia. "Na umerudi, si umerudi? Basi jina limefanya kazi. Msinicheke."

"Sikuwa nimeamua, Shangazi," Mwalimu akasema. "Kweli. Mpaka siku ya safari sikuwa nimeamua. Na bado sijui."

Hakumpamba kwa maneno matamu, nami nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilitamani angempamba. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Ratri akachukua kitabu, akaandika badiliko kwa mwandiko mdogo kabisa pembeni, bila kugusa mstari wa marehemu, akapiga muhuri, akatoa nakala. Alikuwa analia, na alikuwa anajifanya ana mafua.

Kutoka hapo tukaenda uhamiaji. Afisa akalinganisha kitambulisho na kitabu na hati, akamtoza Shangazi faini ya kuchelewa, na Shangazi akalipa bila kumtukana, jambo lililomtisha yule kijana kuliko kutukanwa. Kikaratasi kikatoka. Mwalimu akahamia dirisha la pili, na kabla ya saa nane pasipoti yake ilikuwa na muhuri wa mwaka mzima. Nikashusha pumzi. Nikawaambia twendeni tukale, nina njaa ya kufa mtu.

"Kwanza turudi wilayani," Mwalimu akasema. "Kabla hawajafunga."

"Umesahau nini?" nikauliza.

Mwalimu alipanda pikipiki, nasi tukapanda. Shangazi njia nzima alinifinya mbavu kwa woga, maana alidhani Mwalimu anakwenda kuuliza jinsi ya kuhama. Nami nilidhani hivyohivyo.

Ratri alipotuona akainuka kitini. Mwalimu akaweka pasipoti yake juu ya kaunta.

"Dada, nimeona bango lenu pale ukutani asubuhi. Kile kitabu cha njano ni cha nini?"

"Cha wageni," Ratri akasema. "Raia tunaandikwa kitabu cha nyumba cha bluu. Mgeni akikaa kwa kibali anaweza kuandikwa kwenye nyumba anayoishi, ila chake ni cha njano. Wengi hawajisumbui. Halazimiki mtu."

"Kinahitaji nini?"

"Pasipoti itafsiriwe, mashahidi wawili, na mwenye nyumba akubali."

"Shahidi mmoja huyu hapa," nikasema, nikajipiga kifua. Hata sikuelewa bado, mdomo ulitangulia tu.

Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Na siku nikitaka kuondoka?" Mwalimu akauliza. Alikuwa anamwuliza Ratri, lakini alikuwa anamtazama Shangazi. "Nikishaandikwa, natoka vipi?"

"Ah, kutoka hujitoi mwenyewe. Mwenye nyumba ndiye anayekuja hapa kutoa taarifa, anakutoa kwa sahihi yake."

"Lazima aje yeye?"

"Lazima aje yeye."

"Basi niandikeni," Mwalimu akasema.

Ratri akavuta fomu. Akamgeukia Shangazi, kama inavyotakiwa, na kumwuliza kama anakubali, na kama ameelewa kwamba siku mgeni huyu akitaka kuondoka itambidi yeye aje wilayani kumtoa.

"Kuandika, andika," Shangazi akasema, machozi yanamtiririka mpaka kwenye rangi ya mdomo. "Siku hiyo ya kumtoa, mimi siji."